Mwaka mzima na apu ya msamiati wa Kiingereza: kila neno la dharau wametafsiri "dharau"

Nilisema nikimaliza mwaka wa malipo ya hii apu ntaandika maoni yangu, mwaka umeisha juzi kwaiyo leo nimekaa naandika. Jina lake naliacha. Ni apu ya kujifunzia msamiati wa Kiingereza kwa watu ambao tayari Kiingereza wanakijua kiasi, yani sio ile ya kuhesabu moja mpaka kumi, ni ya kukutoa pale ulipo ukaweze kusoma gazeti zito au kuandika barua ya kazi bila kuaibika. Unalipia mwaka, unapata mafungu ya maneno kwa mada, kila neno lina kadi yake: matamshi, tafsiri ya Kiswahili, sentensi ya mfano, na chini kabisa kisehemu kidogo kinachosema neno limetoka wapi.

Nianze na mazuri maana yapo. Sauti ni safi sana, ni mtu wa kweli anasoma sio mashine. Inafanya kazi bila intaneti ukishashusha fungu. Alafu ile mbinu yake ya kukurudishia neno ulilokosea baada ya siku moja, kisha tatu, kisha wiki, inafanya kazi kwelikweli, kuna maneno nimeyashika mwaka huu ambayo huko nyuma yalikua yananipita kila siku. Mafungu ya kazi, afya na safari sina neno, yako vizuri.

Shida ni lile fungu la juu wanaloliita la dharau na kejeli. Nililisubiri kwa hamu maana ndilo lililonifanya nilipie. Kazi yangu ni kupitia barua na ripoti zinazoandikwa kwa Kiingereza na wenzangu walio nchi mbalimbali, na Kiingereza kina maneno mengi mno ya kumshusha mtu, usipoyajua tofauti zake unaweza kusoma barua ukadhani mtu anakusifia kumbe amekuzika. Kwaiyo nafungua fungu, neno la kwanza "scorn", tafsiri: dharau. La pili "disdain": dharau. La tatu "contempt": dharau. "Despise": kudharau. "Spurn": kudharau. "Deride": kudharau. "Sneer": kudharau. Nikaenda mpaka mwisho wa fungu, maneno ishirini na sita, kumi na tisa kati yake yana tafsiri hiyohiyo moja. Nilihesabu.

Sasa mtu atasema si maneno yanafanana tu, kuna ubaya gani. Ngoja niwaambie ubaya ulionipata mimi. Mwenzangu kazini aliandika jibu kwa mteja, jibu lenyewe lilikua na ukali wa chinichini, mtu akilisoma anaona anadharauliwa. Nikataka kumwambia kwa upole kwamba hapa barua yako inasikika kama inamdharau mteja. Kwenye apu kuna "contemptuous", tafsiri "-a dharau". Kadi inayofuata "contemptible", tafsiri "-a dharau". Nikachukua la pili. Nikamuandikia kwamba jibu lako ni "contemptible". Siku mbili dada wa watu hajibu kitu. Siku ya tatu nimeitwa na kiongozi wetu naulizwa nimemkosea nini mwenzangu mpaka nimuandikie hivyo.

Ndugu zangu, "contemptuous" ni anayedharau. "Contemptible" ni anayestahili kudharauliwa, kitu duni, kitu cha kutemewa mate. Tofauti yake ni ya mpigaji na mpigwaji! Niliomba radhi, akanielewa, tuko sawa mpaka leo, lakini lile jambo liliniuma na linaniuma bado, maana nilikua nimelipia kabisa nifundishwe kitu hichohicho. Na sio tofauti ya kujitafutia, Waingereza wenyewe wanaijua vizuri. Mwaka 1914 wanajeshi wao wa kwanza waliovuka kwenda kupigana Ufaransa na Ubelgiji walikuja kujiita "Old Contemptibles", ikisemwa kwamba Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani aliliita jeshi lao kajeshi kadogo ka kudharauliwa. Agizo lenyewe la Kaiser halijawahi kuonekana kwenye nyaraka za Wajerumani, lakini askari walilichukua lile tusi wakalivaa kama nishani. Ungewaita "contemptuous" ingekua habari nyingine kabisa, ingekua wao ndio wenye nyodo.

Baada ya hapo nikaacha kuiamini apu kwenye fungu hili nikawa kila neno nalipeleka kwenye kamusi kubwa. Nimetumia tatu, Oxford English Dictionary, Merriam-Webster, na ile ya chimbuko la maneno ya Douglas Harper inayoitwa Online Etymology Dictionary ambayo iko wazi kwa kila mtu mtandaoni. Na hapo ndipo nikaona kitu ambacho apu ilikua imenificha muda wote, kwamba karibu kila neno la dharau kwenye Kiingereza lina mwili ndani yake. Lina jicho, lina pua, lina mguu, lina unyusi. Ukiujua ule mwili hulisahau neno tena na huwezi kulichanganya na jirani yake.

Chukua "despise". Limepitia Kifaransa cha zamani lakini mzizi ni Kilatini, "de" ni chini na "specere" ni kutazama. Kumtazama mtu chini, basi, na sisi tunasema hivyohivyo. Na ule mzizi wa kutazama umezaa ukoo mkubwa: "respect" ni kugeuka ukatazama tena, kwamba mtu huyu anastahili jicho la pili, na "suspect" ni kutazama kutokea chini, lile jicho la chinichini la mtu asiyekuamini. Heshima, shaka na dharau zote ni namna za kuangalia! Mi hapo nilisimama kabisa. Alafu kuna "despite", ambalo kwenye hii apu liko fungu la mwanzoni kabisa na limetafsiriwa "licha ya", sawa kabisa, lakini hawasemi kwamba ni ndugu wa damu wa "despise". Zamani lilikua nomino, maana yake dharau yenyewe. Kwaiyo ukisema umetoka nje "despite" mvua, kwa maana ya kale umetoka kwa kuidharau mvua. Na "spite", ile roho ya kumkomoa mtu, ni "despite" limekatwa kichwa. Vitu kama hivi mtu akikuonyesha mara moja maneno matatu yanakaa kichwani kwa mpigo, lakini apu imeyaweka mafungu matatu tofauti kama watu wasiojuana.

"Disdain" nalo ni la Kilatini kwa njia ya Ufaransa, ila halina jicho, lina hadhi. "Dignus" ni anayestahili, ukiliwekea kikanushi mbele unapata kuona kitu hakistahili, hakifikii kiwango changu, siwezi kujishusha kukigusa. Ndugu zake ni "dignity", "indignant", na hata "dainty", lile neno la kitu kizuri chororo cha kuchaguliwa. Kwaiyo mtu mwenye "disdain" sio lazima awe na hasira wala kelele. Amekaa mbali tu. Anaweza hata kuwa na adabu nzuri. Nadhani kwa Kiswahili ningesema ni kuona kitu si saizi yako, au kukibeua, na ndio maana Kiingereza kinaruhusu kusema mtu "disdained to answer", yani aliona kujibu ni kujishusha.

"Scorn" ni moto, halina ule ubaridi. Hili historia yake imenifurahisha kwa sababu ni neno lililosafiri mzunguko: lilianza kwa makabila ya Kijerumani likiwa na maana ya kudhihaki, likaingia Kifaransa cha zamani kwa umbo la "escharnir", alafu Kifaransa ndicho kikalipeleka Uingereza, likaonekana kwenye Kiingereza karibu na mwaka 1200. Wahispania wanalo bado, "escarnio", Waitalia wanalo, "scherno". Ukilishika hivyo unaelewa kwamba "scorn" hutoka nje, hukaa mdomoni, ni dharau inayosikika. Ule msemo maarufu kwamba hata jehanamu haina ghadhabu kama ya mwanamke aliyekataliwa unatumia neno hilihili, na apu inasema ni wa Shakespeare. Sio wake. Ni wa William Congreve, kwenye tamthilia ya 1697 inayoitwa The Mourning Bride, na maneno yake halisi ni marefu kidogo kuliko yanavyosemwa siku hizi. Hili ni kosa la kukagua dakika mbili tu.

"Contempt" mi naliona kama hukumu. Kilatini "contemnere", ile "con" ni ya kukazia na "temnere" tayari ni kudharau, kwaiyo ni dharau iliyokaziwa nati. Mtu mwenye "contempt" ameshamaliza kufikiri juu yako, amekuweka kwenye fungu la visivyo na thamani na faili limefungwa. Ndio maana sheria imelichukua hili na sio "scorn", kosa la kudharau mahakama ni "contempt of court", ambapo moja ya vinavyoadhibiwa ni kuifanya amri ya mahakama kama haipo. Na mtafiti wa ndoa John Gottman naye alipotafuta ni kitu gani kinachotabiri ndoa kuvunjika alilichagua hilihili, akaliweka pamoja na lawama, kujitetea na kununa kimya, na akasema kati ya hayo manne hili ndilo baya zaidi. Apu yenyewe kwenye sentensi yake ya mfano imeandika mtoto anamwangalia mdogo wake kwa "contempt" kwa sababu kamnyima mpira. Hapana. Mtoto huyo kakasirika tu.

Nikitaka kusema ukweli sehemu niliyofurahi kuliko zote ni pua. Kwenye Kiingereza kuna kundi kubwa la maneno yanayoanza na "sn" na mengi yanahusu pua: "snout" ni pua ya nguruwe, "sniff" kunusa, "snore" kukoroma, "snort" kukoroma kwa hasira kama farasi. Sasa tazama dharau zilivyokuja kukaa humohumo. "Sneer", kukunja ule upande mmoja wa mdomo na pua, linaonekana kwenye karne ya 16. "Snub" ni la watu wa Skandinavia, zamani lilikua kukemea, leo ni kumpita mtu kama hujamuona wakati umemuona. "Snooty", mtu wa kujiona, limetoka kwenye "snout", ni la juzijuzi tu karne ya 20. Hata kupiga chafya, "sneeze", zamani halikuanza na "sn", lilikua na "fn", likavutwa na wenzake likajiunga na familia ya pua. Charles Darwin kwenye kitabu chake cha 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia alizipa dharau na kinyaa sura ya pamoja, na alieleza huko mambo ya pua kukunjwa na mdomo kuinuka upande. Sisi tunalo la kubibidua mdomo na la kubetua mdomo, tena ukisema hivyo kila msomaji wa Kiswahili anauona uso wenyewe. Mbona basi apu iandike "sneer" ni kudharau? Andika kubetua mdomo kwa dharau. Neno lipo, linatusubiri.

Juu ya pua kuna unyusi. "Supercilious", neno ambalo wengi tunaliogopa kwa urefu wake, ni Kilatini cha unyusi, "supercilium", kile kilicho juu ya kope. Mtu "supercilious" ni yule anayekusikiliza ameinua nyusi. Basi, umeshalijua, hulisahau. "Haughty" ni urefu wa kwenda juu, kutoka Kifaransa "haut", na hiyo "gh" katikati ilichomekwa baadaye tu na waandishi kwa kufuata mkumbo wa maneno mengine, haina kazi yoyote wala haitamkwi. Hapa apu wameweka mtu mwenye kiburi, ni sawa.

Mguu sasa. "Spurn". Hili halijatoka Kilatini wala Ufaransa, ni la Kiingereza cha kale kabisa, "spurnan", kabla Wanormani hawajavamia mwaka 1066, na maana yake ilikua kupiga teke. Ndugu yake ni "spur", kile chuma cha kwenye kisigino cha mpanda farasi. Kwaiyo "spurn" ni kukataa kwa kusukumia mbali, mtu kakuletea upendo au msaada mikononi na wewe unaupiga teke. Sio kudharau kwa moyoni. Ukimuandikia mtu kwamba ume-"spurn" ombi lake wakati unataka kusema hukulipa uzito, umemwambia kitu kikubwa sana kuliko ulichokusudia.

"Sarcasm" ina nyama, kweli nyama, kwa Kigiriki "sarx" ni nyama ya mwili na "sarkazein" ilikua kuirarua nyama kama mbwa anavyofanya. "Sarcophagus", lile jeneza la mawe, ni la mzizi huohuo, mlaji nyama. Apu wametafsiri kejeli, safi, nawapa haki yao. "Flout" inaonekana imetoka kwenye kupiga filimbi, kama Waholanzi ambao neno lao la kupiga filimbi liliwahi kuwa pia la kuzomea, ila leo "flout" ni kuvunja sheria wazi mchana kweupe bila kujali, na ndio maana ya kufundisha. "Jeer" ni kuzomea. Hakuna la kuongeza, ni kuzomea, tunalo neno kamili na wao wameandika dharau. "Taunt" ni kumchokoza mtu kwa maneno mpaka alipuke. "Deride" ni kucheka, Kilatini "ridere" kucheka, ndugu yake ni "ridiculous", na hapa Kiswahili kinakaa sawasawa kabisa na Kilatini kwa sababu dhihaka yetu tumeipata kwenye Kiarabu cha kucheka. Yani watu wa lugha mbili zisizohusiana wamekichukua kicheko wakakigeuza silaha, na tafsiri iliyo sahihi iko hapo imelala, kudhihaki, apu imeipita.

Nikafanya jaribio moja ambalo naomba waliotengeneza apu wakalifanye wenyewe. Kwenye Hamlet ya Shakespeare, ile hotuba maarufu ya kuwa au kutokuwa, kuna mistari minne ambapo Hamlet anataja mateso ya kuishi na ndani ya mistari hiyo minne peke yake kuna "scorns", kuna "contumely", kuna "despised" kwenye matoleo mengi, kuna "insolence" na kuna "spurns". Matano. Nikachukua tafsiri za kadi nikazipachika. Nikapata dharau, kwa dharau, kudharauliwa, dharau, kudharau. Mtu anayelia kwa machungu ya dunia amegeuka santuri iliyokwama. Na hiyo "kwa dharau" imetokea kwa sababu wameona "contumely" inaishia na "ly" wakadhani ni kielezi, kumbe ni nomino, ni matusi ya kumdhalilisha mtu yanayotoka kwa mwenye kiburi. "Insolence" ni ufidhuli. Ukiweka kejeli, matusi, kubezwa, ufidhuli na mateke unaanza kusikia mtu anaongea.

Nije kwenye kile kisehemu cha chimbuko maana kwenye matangazo yao ndicho wanachojivunia. Kwenye "snob" wameandika bila kusita kwamba limetokana na Kilatini "sine nobilitate", asiye na ukoo wa kitukufu, eti waliandikiwa hivyo wanafunzi wasio wa kitajiri. Hadithi tamu na si kweli. "Snob" kwenye maandishi ya mwishoni mwa karne ya 18 ni fundi viatu, kisha wanafunzi wa Cambridge wakalitumia kumuita mtu yeyote wa mjini asiye wa chuo, yani lilikua neno la kuwadharau watu wa chini. Alafu miaka ya 1840 William Makepeace Thackeray akaliandikia mfululizo mzima wa makala likasambaa kwa maana ya mtu anayewaabudu walio juu na kuwadharau walio chini. Limegeuka kichwa chini miguu juu, kutoka anayedharauliwa mpaka anayedharau. Hii historia ya kweli ni nzuri kuliko ile ya uongo, na mtu aliyelipia anastahili kuipata.

"Condescend" pia wamekosea kwa namna hiyo. Sentensi yao ya mfano inamsifu bosi kwa "condescension" yake kwa wafanyakazi. Karne ya 18 hiyo ingekua sifa, mkubwa kukubali kushuka akae na wadogo, na kwenye riwaya ya Jane Austen kuna mchungaji anayemsifia bibi mmoja tajiri kwa neno hilohilo kwa moyo wake wote. Leo ukimwambia bosi hivyo umemwambia anaongea na watu kama watoto. Nawaza mtu kaichukua hii sentensi kaiweka kwenye kadi ya kumuaga mkuu wake.

Alafu kuna maneno hayamo kabisa na sielewi yamekosekana vipi. "Disparage" halimo. Hili asili yake ni ndoa, kumuozesha mtu kwa mwenza asiye wa daraja lake, na Magna Carta, ule mkataba wa haki wa Waingereza wa 1215, ina kifungu kinachosema warithi wasiozeshwe hivyo. Leo ni kumponda mtu kwa maneno. "Belittle" halimo! Neno ambalo Kiswahili tuna kudunisha limesimama tayari kulipokea. Na lina baba anayejulikana, ni Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, miaka ya 1780, alikua anabishana na mwanasayansi Mfaransa Buffon aliyedai kwamba wanyama wa Marekani ni wadogo na dhaifu kuliko wa Ulaya. Jefferson alikasirika kiasi cha kuagiza mabaki ya paa mkubwa wa kaskazini, anayeitwa "moose", asafirishwe mpaka Paris akaonyeshwe. Na jarida moja la London mwaka 1787 likamshambulia, sio kwa sababu ya hoja yake, ila kwa sababu katunga neno "belittle". Walilidunisha neno la kudunisha. Leo linatumika na kila mtu.

Na lile refu, "floccinaucinihilipilification", herufi 29, sidai liwekwe kwenye fungu la kazi, lakini lingewekwa mwishoni kama zawadi kwa aliyefika. Limeungwa na maneno manne ya Kilatini ambayo wanafunzi wa zamani waliyakariri kwenye sarufi zao, kijinyuzi cha sufu, kitu cha ovyo, si kitu, na unywele, yote ya kusema hakina thamani yoyote. Limo kwenye barua ya mshairi William Shenstone ya mwaka 1741.

Najua kamusi kubwa haiwezi kuwa kipimo cha apu ya simu. Ile ya Oxford wazo lilianza 1857, sehemu ya kwanza ikatoka 1884 na ikakamilika 1928, mhariri wake James Murray alifariki 1915 bado inaendelea, na watu wa kawaida wengi walijitolea kuwatumia vikaratasi vya sentensi walizokuta vitabuni. Siombi hayo. Naomba tu mtu mmoja anayejua Kiswahili akae na zile kadi kumi na tisa siku moja. Dharau, dhihaka, kejeli, kebehi, beza, beua, tweza, dunisha, zomea, simanga, puuza, nyodo, ufidhuli, hayo nimeyaandika bila hata kusimama kufikiri. Kinachoniudhi zaidi ya yote ni kwamba anayejifunza kwa apu hii anaweza kuondoka akiamini Kiingereza ndicho tajiri na lugha yake ina neno moja.

Huduma kwa wateja: niliwaandikia nikiwa na orodha ya kadi zote na mapendekezo ya tafsiri kwa kila moja, ilinichukua jioni tatu. Jibu la kwanza lilikua la mashine. La pili lilikuja baada ya wiki tano, la mtu kweli, mpole, akanishukuru. Wamebadilisha kadi moja, "contemptible", sasa inasema "anayestahili kudharauliwa". Hiyo nimeifurahia kwa dhati maana kuna mtu mahali fulani halitompata lililonipata. Nyingine kumi na nane ziko vilevile mpaka leo asubuhi nilipoangalia.

Nyota mbili kati ya tano. Zote mbili ni za sauti na ile mbinu ya marudio. Kama unaanza na unataka maneno ya kazini na safari, lipia miezi mitatu sio mwaka, chukua mafungu yale ya mwanzo, yatakufaa. Fungu la dharau usiliguse, au lisikilize kwa ajili ya matamshi tu kisha maana katafute kwenye kamusi.

Mi sijaongeza muda. Nina daftari, kila neno nimelipa ukurasa, upande wa kushoto neno, kulia nimeandika kiungo cha mwili au kitendo: jicho, pua, unyusi, mguu, nyama, kicheko. "Jeer" ina neno moja tu na limetosha. Ukurasa wa "scorn" ndio umejaa mafuto, nimeandika kubeza nikafuta, nikaandika kukejeli nikafuta, kwa sasa pana "dharau iliyofika mdomoni", na kama kuna mwenye neno moja linalolibeba lote aniandikie hapo chini.